Ishirini na Saba Nukta Nane

Kofi la kwanza siku ile alilipiga Rehnuma mwenyewe, na alilipiga kwa nguvu zote za binti aliyekulia kwenye kinu cha mpunga. Miwani ya Palash iliruka, ikagonga kabati la chuma, ikaanguka chini ya dirisha. Palash hakuinua mkono. Alibaki amesimama palepale, shavu likimwiva taratibu, akimtazama kwa macho ambayo bila miwani hayakuwa yakimwona sawasawa.

"Rudia ulichosema," Rehnuma alisema.

"Sitatia sahihi."

"Rudia tena, uone."

"Piga la pili, piga na la tatu. Ile ishirini na saba nukta nane si ya kweli, Rehnuma."

Walikuwa peke yao katika chumba cha kompyuta, ghorofa ya tatu ya idara ya fizikia, Rangpur. Ilikuwa saa nane na nusu mchana na feni ilikuwa ikizungusha joto tu. Saa kumi kamili Profesa Hosne Ara angepita kuchukua faili na kufunga orodha.

Miezi minane Rehnuma alikuwa akijenga seli ya jua isiyoshikika kwa mkono. Aliijenga ndani ya kompyuta, kwa programu iliyotengenezwa na Wabelgiji: katikati tabaka la perovskiti, fuwele ya siziamu, risasi na iodini, aina isiyoharibika upesi kwa joto, juu na chini yake matabaka mengine ya kuupokea umeme. Unabadilisha unene, unabadilisha kemikali, unabonyeza, na kompyuta inakwambia jua likipiga pale utatoka umeme kiasi gani. Yake ilitoa asilimia ishirini na saba nukta nane. Mithun, aliyemfuatia, alikuwa na ishirini na moja nukta mbili. Wa kwanza angepelekwa Ubelgiji kusoma miaka minne, na nafasi ilikuwa moja tu.

Rehnuma akiikosa nafasi hiyo, Ijumaa angeolewa. Kaka yake Delwar, aliyekishika kinu tangu baba yao afariki, aliapa kwa kaburi la marehemu mbele ya mama: "Ukiipata, nenda, sitakuzuia. Ukiikosa, Ijumaa unaolewa na Shafiul, na sitaki kusikia kilio." Shafiul mwenye matanuri ya matofali alikuwa ameshaleta makapu matatu ya maembe ya Haribhanga. Mama aliyasukuma chini ya kitanda, na kila harufu yake ilipopanda, machozi yalimtoka.

Palash alikuwa akiyajua yote hayo. Alikuwa mtafiti wa uzamivu, na kazi yake ilikuwa kukagua kila faili. Bila sahihi yake profesa hapokei kitu. Miaka miwili Rehnuma alimwita kaka Palash, kama wasichana wote wa idara walivyowaita wakubwa wao. Kisha siku moja ya mvua, ngazini, lile neno kaka halikutoka, akamwita jina tupu, na wote wawili wakatazama ngazi kwa aibu. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyelala vizuri.

"Kasoro umeweka ngapi?" Palash aliuliza. "Pale tabaka moja linapokutana na jingine."

"Nilizoambiwa."

"Umeweka sifuri. Fungua uone."

Rehnuma alifungua. Aliutazama mstari ule, akakaa. Lilikuwa faili la mazoezi, lile la wanaoanza, ambalo kasoro zake zote huondolewa ili hesabu iende haraka na mwanafunzi asichanganyikiwe. Kila mwaka wanaambiwa, msilibebe nyumbani. Yeye alilibeba, akalipa jina lake. Mwezi wa nne umeme ulikatika katikati ya kazi, na uliporudi alifungua faili ambalo si lenyewe. Namba ikaruka juu. Alifurahi mno hata hakujiuliza imepandaje.

"Siku ile ulikuja na jilapi za sukari kunipongeza," alisema polepole.

"Kilo nzima. Nikala, nikacheka, nikasahau kukagua. Kosa ni langu pia."

"Basi lifiche. Kosa ni letu, tulifiche sisi." Alisimama tena, akamshika kola. "Unanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda hadi naona haya."

"Basi nidanganyie. Mara moja tu katika maisha yako. Unaijua Ijumaa ni siku gani? Unajua yule mtu atanishika vipi usiku wa Ijumaa, na wewe utakuwa hapa unakagua faili?"

Palash alifumba macho. Maneno yale yalimpiga kuliko kofi, na Rehnuma aliliona hilo na hakujuta.

"Nikikudanganyia," alisema, "Wabelgiji watafungua faili hilihili wiki ya kwanza. Watakurudisha. Na atakayekungoja uwanja wa ndege ni Delwar. Safari hiyo hutakuwa na pa kukimbilia."

"Kwa hiyo niolewe."

"Kwa hiyo ufanye kazi. Tuna saa moja na nusu."

Alipiga magoti, akavuta kutoka chini ya meza kompyuta yake ndogo, iliyounganishwa na betri nyekundu ya riksho. Betri ya akiba ya chumba kile ilikufa tangu Machi, na baba yake Palash alikuwa na gereji ya kuchaji riksho za umeme. Betri hiyo ilikuwa imechafuka kwa tope na oili.

"Ukurasa wa hamsini na sita wa daftari lako," Palash alisema. "Uliandika tabaka la juu libadilishwe, na la katikati lipunguzwe unene. Ukaliacha wazo hilo kwa sababu namba ilikuwa imeshapanda. Nimeingiza kasoro za kweli. Bila wazo lako inashuka mpaka kumi na saba. Tukiwa na wazo lako sijui. Bonyeza wewe."

Rehnuma aliingiza vipimo kimoja baada ya kingine, themanini kwa jumla, akabonyeza. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo. Palash akairudisha kompyuta chini ya meza, kwenye uvungu, ili nyaya zisivutwe.

Rehnuma alikwenda dirishani, akaiokota miwani. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Alimvisha mwenyewe, na vidole vyake vilipofika nyuma ya masikio ya Palash, havikurudi haraka.

"Nimekuumiza," alisema.

"Una mkono mzito. Kinu kile kimepoteza mfanyakazi."

Alitaka kucheka ikashindikana. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuisikia pumzi yake, na alijua kwamba namba isipopanda, huku ndiko kumkaribia kwa mwisho. Aliinua uso.

"Endeleeni," sauti ilisema mlangoni. "Msinionee haya."

Delwar aliingia na vijana wawili wa kinuni, Joynal na mwenzake. Mikononi mwao walikuwa na miti ya wiketi ya kriketi. Mtu alikuwa amempelekea habari kwamba dada yake ameonekana amepanda riksho ya gereji ya baba yake Palash, akaja mbio hata hakubadilisha shati la kazini. Joynal akaufunga mlango kwa komeo.

"Kaka, sikiliza kwanza," Rehnuma alianza.

"Nimeshasikiliza. Nimesimama hapo nje nikachoka miguu." Delwar alimgeukia Palash, akampima kwa macho toka juu hadi chini. "Kwa hiyo ndiye huyu. Baba yako mpaka leo anatia sahihi kwa dole gumba, unajua? Nilimwona benki. Karani amemshika mkono anamwonyesha pa kukandamiza. Halafu mwanawe anataka dada yangu."

"Baba yangu hajawahi kumuuza mtoto wake kwa makapu ya maembe," Palash alisema.

Mti wa wiketi ulimpata mbavuni kabla hajafunga mdomo. Alikunjika, na wa pili ukampata mgongoni akaanguka kifudifudi. Rehnuma alirukia mbele, Joynal akamdaka kiunoni, akamnyanyua miguu ikapiga hewa. Yule mwenzake alimpiga Palash teke la tumbo, halafu jingine, kwa utulivu wa mtu anayepakia magunia. Delwar akamzuia kwa mkono.

"Ngoja. Nina swali." Alichuchumaa karibu na kichwa cha Palash. "Nimesikia kuna namba ya uongo humu. Ulikuwa unasema mwenyewe, kwa sauti yako. Sasa sema tena, hawa vijana wakiwa mashahidi, nikamwambie mama. Namba ya dada yangu ni ya kweli au ya uongo?"

Palash alitema damu, akanyamaza.

"Sasa hivi tu ulikuwa hodari wa ukweli. Sema. Ukisema, tunaondoka, na wewe unakwenda hospitali ukitembea."

Palash alimtazama Rehnuma kupitia kioo kilichopasuka. Mtu aliyekataa kumdanganyia kwa mapenzi sasa alikuwa akipigwa aseme ukweli uleule, na mdomo wake ulikuwa umefungwa. Rehnuma alielewa, na moyo ukamuuma kama umeshikwa na koleo.

"Mkono anaoandikia," Delwar alisema.

Yule mwenzake Joynal aliukanyaga mkono wa kulia wa Palash sakafuni. Delwar alikishika kidole kidogo, akakigeuza juu mpaka kikatoa mlio wa kuvunjika. Palash alitoa sauti ambayo Rehnuma hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu.

"Kweli au uongo?"

Kidole cha pili kikavunjika.

Rehnuma aliuma. Aliuma dole gumba la Joynal mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, na Joynal akamwachia akipiga yowe. Alinyakua kibodi juu ya meza, akamtandika nayo kaka yake kichwani, herufi zikatawanyika sakafuni. Akainua tena. Delwar aliinuka, akamzaba kofi la kinyume cha mkono lililompeleka hadi ukutani. Mdomo ulipasuka. Alihisi ladha ya chuma, na kaka yake, aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, alikuwa akimtazama kama mtu asiyemfahamu.

Delwar alirudi kuinama. Alikishika kidole cha tatu.

"Ni uongo," Rehnuma alisema.

Delwar akageuka.

"Namba yangu ni ya uongo. Ishirini na saba si yangu, nilikosea. Umesikia? Mwambie mama. Mwambie Shafiul. Niache nimfunge mkono huyu, halafu nitakuja mwenyewe, huna haja ya kunivuta."

"Rehnuma, usiseme," Palash alinong'ona.

"Wewe nyamaza. Leo umenyamaza vizuri."

Delwar alishusha pumzi ndefu. Alionekana amechoka ghafla. Alijifuta damu ya sikioni, kisha akaichukua kompyuta kubwa ya mezani kwa mikono miwili, akaiinua na kuibwaga chini. Kioo kilipasuka. Akaupiga mti wa wiketi ndani yake mara tatu, nne, mpaka hapakuwa na kilichobaki cha kupiga.

"Miezi minane," alisema. "Sasa imekwisha. Tunza nguvu zako za Ijumaa."

Papo hapo umeme ulikatika. Feni ikazunguka kwa uzito wake, ikasimama, na chumba kikawa kimya kabisa.

"Unaona?" Delwar alisema. "Hata umeme umewakataa."

Rehnuma alikuwa amepiga magoti, akiuzungushia mtandio wake mkono wa Palash. Machozi yalikuwa yakimdondokea bila sauti. Alimpenda mtu huyu, na alikuwa amempoteza kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kusema kweli, na kesho kutwa angevishwa sari nyekundu. Alifunga fundo. Ndipo aliposikia mlio mdogo uvunguni, kengele ndogo ya kompyuta inayomaliza kazi yake.

Betri ya riksho haikuwa na habari na umeme wa mji.

Alijivuta chini ya meza kwa viwiko. Mstari ulikuwa umefika mwisho. Vipimo themanini vilikuwa vimepangwa toka kibaya hadi kizuri, na kasoro zote ndani yake, hakuna hata sifuri moja. Cha mwisho kilisema ishirini na moja nukta sita.

Alikisoma mara mbili. Alirudi nyuma akakagua kasoro za mipaka yote miwili ya matabaka, kwa sababu safari hii alitaka kujua imepandaje. Kisha akatoka uvunguni na kompyuta kifuani, nywele zimemfunika uso, mdomo umevimba.

"Ishirini na moja nukta sita," alisema. "Mithun ana nukta mbili."

"Unasema nini?" Delwar aliuliza.

"Nasema niko wa kwanza, kaka. Kwa namba ya kweli."

Delwar alizitazama namba asizozielewa. Kisha akautazama mkono uliofungwa mtandio, na tabasamu likamrudia.

"Nani atatia sahihi? Kanuni si yangu, ni yenu. Sahihi ya huyu. Na mkono wake ndio huo."

Mlango uligongwa, halafu ukasukumwa kwa bega mpaka komeo likang'oka. Profesa Hosne Ara alisimama pale, mwanamke mfupi mwenye mvi, orodha na fomu za wanafunzi kwapani, na nyuma yake wanafunzi wamejaa ukumbi mzima. Aliangalia kompyuta, damu, miti ya wiketi. Hakupandisha sauti.

"Mithun, piga simu polisi na hospitali. Nyie watatu, asiondoke mtu."

"Ni mambo ya familia, mama," Delwar alisema.

"Sijakuuliza."

"Madam," Rehnuma alisema, "saa ngapi?"

Profesa alimtazama kama aliyerukwa na akili. "Kumi kasoro dakika nne. Mwanangu, orodha inaweza kungoja."

"Haiwezi. Huyu ameapa kwa orodha ya leo." Alichukua fomu yake, iliyokosa sahihi ya Palash tu, kutoka kwapani mwa profesa, akafuta ishirini na saba nukta nane kwa mstari mmoja, akaandika juu yake namba mpya. Kisha akapiga magoti mbele ya Palash, akaivuta ile betri ya riksho, akaitandaza fomu juu yake.

"Palash. Baba yako huwa anatiaje sahihi?"

Palash alikuwa hoi kwa maumivu. Ilimchukua muda kuelewa. Kisha alicheka, cheko dogo lililomtoa damu zaidi, akainua mkono wa kushoto ambao haukuguswa. Alilipitisha dole gumba kwenye mdomo wake mwenyewe, akaliweka juu ya fomu, akalikandamiza na kuligeuza kidogo upande na upande, jinsi alivyomwona baba yake akifanya tangu utotoni. Alipolitoa, lilibaki duara jekundu lenye mistari yote ya kidole.

"Hiyo si sahihi," Delwar alisema.

"Benki wanaikubali," profesa alijibu. "Mahakama inaikubali. Inataka jina liandikwe pembeni, na mashahidi wawili." Alichukua kalamu, akatia sahihi yake. "Mimi mmoja."

Rehnuma aliandika jina pembeni ya dole lile, Palash Rahman, kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Kisha akainua macho. Wanafunzi mlangoni walikuwa wakimtazama Delwar, na miti ya wiketi bado ilikuwa mikononi mwa vijana wake. Hakuna aliyesogea.

"Niandikieni mimi," Joynal alisema.

"Joynal," Delwar aliita, sauti chini.

"Bosi, mimi nimeona. Dada alikiri ile namba ya kwanza ni ya uongo wakati ukweli unamuumiza mwenyewe. Hii nyingine hawezi kuwa amedanganya." Aliuangusha mti wake sakafuni. Alikuja, akaangalia fomu asiyoweza kuisoma. "Wapi?"

Rehnuma alimwonyesha. Joynal hakuhitaji wino. Dole gumba lake lilikuwa bado linavuja palipopita meno, akalikandamiza chini ya lile la kwanza, akarudi kusimama na mkono kwapani. Profesa aliichukua fomu, akaiweka juu ya nyingine zote, akatazama saa yake.

"Orodha imefungwa," alisema.

Rehnuma alimgeukia kaka yake. "Kaburi la baba lipo palepale, kaka. Ukitaka kulivunjia kiapo, nenda ukamwambie mwenyewe."

Delwar aliitazama ile fomu mikononi mwa profesa. Alikaa polepole kwenye kiti cha karibu, akaanza kuzitazama herufi za kibodi zilizotapakaa miguuni pake. Kwa mara ya kwanza tangu baba yao afe, Rehnuma hakumwogopa, na hakufurahi pia.

Alikaa sakafuni, akakilaza kichwa cha Palash mapajani. Walio mlangoni walinong'ona, kwa sababu hilo halifanywi mbele za watu Rangpur.

"Vidole vinauma sana?" aliuliza.

"Vinauma." Palash alifumba macho. "Lakini shavu ndilo linaloniuma zaidi."

Rehnuma aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa saa nane na nusu, ukiwa na damu za watu watatu. Akaupangusa kwenye nguo, akauweka juu ya shavu lile, mbele ya kaka yake, profesa na darasa zima, akauacha hapo mpaka wabeba machela walipofika.